Bakuli la bisi na chupa ya jeli: tathmini ya usafi wa kambi, Machame siku 7

Kampuni nyingi za Moshi na Arusha zinazopandisha wageni Kilimanjaro huuza, juu ya bei ya kawaida ya safari, huduma ya usafi wa kambi. Majina yanatofautiana, mzigo ni uleule: choo cha kubeba chenye hema lake, maji ya kunywa yaliyochujwa, beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na chupa ya jeli ya alkoholi katikati ya meza ya mesi, yaani hema la kulia chakula. Hapa tunaikagua huduma hiyo kipande kwa kipande, kwa kundi la wageni 8 wanaopanda njia ya Machame kwa siku 7, pamoja na wagumu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa mlimani), wapishi na waongozaji ambao jumla yao huweza kufika 30. Hatutaji kampuni. Kambi safi na kambi chafu huweza kutoka ghala moja la Moshi ndani ya wiki moja. Kinachozitenganisha ni mpishi na weita, si nembo iliyochapwa kwenye hema.

Rula tunayotumia tumeiazima baharini. Meli za utalii zina tatizo lilelile la kambi ya mlimani, ila kwa ukubwa zaidi: watu wamebanwa pamoja kwa siku kadhaa, wanakula jiko moja, wanashika vitasa vilevile, na ugonjwa wa tumbo ukishaingia hakuna wa kusema anarudi kulala kwake. Marekani, kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa, CDC, imekuwa ikikagua meli hizo tangu miaka ya 1970. Mkaguzi anaanza na alama 100 na kukata kwa kila kosa. 86 kwenda juu umepita, 85 kushuka umefeli. Wagonjwa wakifika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi, mlipuko hutangazwa hadharani. Kwenye meli ya abiria 3,000 hao ni watu 90. Kwenye kundi la wageni 8, mtu mmoja ni asilimia 12.5. Kwa hiyo mlimani hakuna nafasi ya kusubiri uone kama ni mlipuko. Mgonjwa wa kwanza ndiye mlipuko.

Adui mkubwa wa meli ni virusi vya noro, vilivyopata jina kutoka mji wa Norwalk, Ohio, ambako wanafunzi wa shule moja waliugua kwa wingi mwaka 1968. Vinatosha vichache mno, pengine chini ya 100, kumlaza mtu mzima. Dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuvimeza: kutapika kwa ghafla, kuhara maji, tumbo kukata, wakati mwingine homa kidogo. Siku 1 hadi 3 mtu anapona, lakini anaendelea kuvitoa kwenye choo kwa siku kadhaa, hata wiki mbili au zaidi. Fanya hesabu ya ratiba: mgeni aliyevimeza hotelini usiku wa kuamkia safari ataanza kutapika ama kambi ya usiku wa kwanza, Machame, ama ya usiku wa pili, Shira. Mpishi atalaumiwa kwa kosa la chakula ambacho hakukipika.

Tuanze na jeli, maana ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Tangu 2020 chupa hii imekuwa kama hirizi: ikishawekwa mezani kila mtu anajiona amekingwa. Virusi vya korona vina ganda la mafuta, alkoholi inaliyeyusha, mchezo umekwisha. Virusi vya noro havina ganda hilo, na jeli ya kawaida ya asilimia 60 hadi 70 haiviwezi ipasavyo. Kwa bakteria inafaa, ila nao inawafikia vizuri mkono ukiwa mkavu na hauna uchafu. Sasa tazama mkono wa mgeni aliyeshuka kutoka mwamba wa Lava Tower hadi kambi ya Barranco: mafuta ya kuzuia jua, vumbi lililoganda juu ya mafuta, kamasi za baridi, na fimbo mbili alizozishika tangu asubuhi. Jeli juu ya mkono huo inatengeneza tope lenye harufu ya hospitali. Tunaiacha mezani kama nyongeza baada ya kunawa. Kampuni inayokuambia ofisini kwamba usafi wake ni jeli, ujue haina usafi.

Kipande cha pili ni beseni, na hapa kuna kosa ambalo wageni hulifurahia bila kujua. Weita anakuja mbele ya mesi na beseni moja la maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni na taulo. Mgeni wa kwanza ananawa maji. Wa pili ananawa maji na mgeni wa kwanza. Wa nane anatumbukiza mikono kwenye supu ya watu saba, kisha anajifuta kwa taulo ambalo wote saba wamejifutia. Kama mmoja wao alitoka chooni dakika tano zilizopita, huduma imemgawa kwa wenzake, tena kwa adabu na tabasamu.

Dawa yake haihitaji kifaa chochote kutoka nje. Ni kunawisha, kama inavyofanyika nyumbani mgeni akikaribishwa chakula: mmoja anashika jagi, beseni linakaa chini, maji yanamwagwa juu ya mikono na kuanguka na uchafu wake. Hayarudi. Sabuni ya maji kwenye chupa ya kubonyeza ni bora kuliko ya kipande, kusugua kufike sekunde 20, kati ya vidole, dole gumba, chini ya kucha, kisha suuza na kukausha kwa taulo za karatasi au kitambaa cha mtu mwenyewe. Wagumu wengi wanajua kunawisha tangu utoto, ila mlimani wamefundishwa kwamba beseni lenye mvuke ndilo linalompendeza mgeni.

Kinachokwamisha ni maji. Kunawishwa kwa jagi kunatumia kama nusu lita. Mgeni anayenawa kabla ya kila mlo, kabla ya bisi za jioni na kila atokapo chooni anafika mara 8 kwa siku kwa urahisi, yaani lita 4. Wageni 8 ni lita 32, na hapo jikoni hawajanawa. Kwenye kambi za Machame, Shira, Barranco na Karanga maji yanapatikana. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, kwenye mita zaidi ya 4,600, hakuna. Kila lita inayotumika huko imepanda kichwani kutoka bonde la Karanga, na ndipo kampuni inapoanza kubana: jagi linatoweka, beseni moja linarudi, jeli inapewa cheo chake cha zamani.

Ndiyo sababu tunakipa kibuyu chirizi, dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, alama ya juu kuliko kifaa chochote cha kuagiza. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, lioshe vizuri, toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto kama sentimita 10 chini ya mdomo, upande ulio mkabala na mshikio. Funga kamba shingoni, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Lining'inize kwa mshikio kwenye kijiti kilicholazwa juu ya fimbo mbili za kutembelea zilizosimamishwa na kufungwa kwa mawe. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika uzi mwembamba, ukiachia, yanakata. Hakuna mkono unaogusa koki, na maji yanayotumika ni sehemu ndogo tu ya yale ya jagi. Makosa mawili hujirudia. Tundu likizidi upana wa msumari wa kawaida, dumu linaisha kabla kundi halijamaliza kunawa. Na kamba ikifungwa fupi, mtu hulazimika kuinamisha dumu kwa mkono, na hapo umerudi kwenye koki. Usiku wa Barafu litaganda. Liingizwe ndani ya hema la jiko saa moja jioni, na saa tano usiku wageni wanapoamshwa kwa ajili ya kilele wanawishwe kwa maji ya chupa ya chai. Ndoo ya koki kutoka soko la Mbuyuni, Moshi, inafaa pia, mradi mtu akumbuke kwamba koki hufungwa na mkono uliokwisha oshwa baada ya kufunguliwa na mkono mchafu. Imwagie maji ya sabuni kabla ya kuifunga.

Sasa bisi. Saa kumi jioni wageni wamefika, wamechoka, na kabla mtu hajaulizia maji ya kunawa mezani kuna bakuli kubwa la bisi za moto zilizochanganywa na karanga, pamoja na chai. Ni desturi nzuri na wapishi wa Kilimanjaro wanaijua kazi hiyo. Chumvi inakaa sawa hata pale ambapo hewa nyembamba imeua hamu ya kula. Lakini tazama mikono. Karanga ni nzito, zinakwenda chini. Anayezitaka hachukui bisi za juu, anachimba, vidole vinapita katikati ya bakuli zima hadi kwenye sakafu yake, vinapapasa, vinatoka na karanga nne na kurudi tena. Wakifanya hivyo watu wanane kwa nusu saa, bakuli limechanganywa vizuri kuliko unga wa ugali.

Melini, idadi ya wagonjwa ikianza kupanda, hatua mojawapo ya mwanzo ni kuwazuia abiria wasijipakulie. Mhudumu anashika kijiko, abiria anashika sahani, basi. Mesi ifanye vivyo hivyo tangu siku ya kwanza, bila kusubiri mgonjwa. Vibakuli 8 vya plastiki ngumu, kila mmoja na chake, weita anagawa kwa kikombe. Uzito wake wote haufiki kilo moja. Tunashangaa kampuni inayobeba viti vyenye mahali pa kuwekea glasi inaposema vibakuli ni mzigo.

Na palepale mezani kuna vitu ambavyo hakuna anayeviona kwa kuwa havihamishwi: kopo la Africafé, kopo la Milo, sukari, asali, siagi ya karanga, chupa ya pilipili, mshikio wa chupa ya chai. Vinakaa humo kutoka Machame hadi Mweka, mwisho wa njia ya kushukia, vinashikwa na kila mtu mara tatu kwa siku, na kijiko cha sukari hulambwa na mmoja angalau. Weita avipanguse kwa kitambaa chenye maji ya klorini kila baada ya mlo. Dakika mbili. Hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, na kwa rula ya meli ingekata alama.

Kuhusu chakula chenyewe hatuna malalamiko mengi. Supu ya maboga au ya tango iliyochemka na kuletwa ikitoa mvuke ni salama, inarudisha maji na chumvi mwilini, na ndiyo sahani bora ya mlima. Chapati, ndizi za kupika, viazi, uji: sawa. Matunda yanayomenywa na mlaji mwenyewe, ndizi, chungwa, parachichi, hayana shida. Tikiti maji lililokatwa vipande jikoni na kupangwa kwa vidole lina shida, na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kijito ina shida zaidi. Nyama na kuku vimalizike siku za mwanzo. Usiku juu ya Shira ni jokofu, lakini mchana hema la jiko lenye jiko la gesi ni kinyume chake.

Jambo moja la jikoni linastahili kusimamiwa, nalo ni maharage. Maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 87 kwenye kambi za mita 4,000, na kama 85 Barafu. Kwa kuua vijidudu joto hilo linatosha ukiliacha lichemke kwa dakika 3. Kwa maharage mekundu halitoshi. Maharage hayo yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemshwa kwenye nyuzi 100, na yakipikwa kwenye joto la chini huweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache, akahara, akaonekana ana virusi. Anayeumia mara nyingi si mgeni bali mgumu, kwa sababu maharage yako kwenye sufuria ya wagumu. Presha kuka inamaliza tatizo kwa kuwa inarudisha joto juu ya 100. Kama haipo, peleka dengu, choroko au dagaa, maharage yabaki Moshi.

Maji ya kunywa yanauzwa kama sehemu ya kifahari ya huduma, na pampu ya kuchuja inapigwa picha sana. Kichujio chenye matundu ya maikroni 0.1 au 0.2 kinazuia bakteria na vimelea vya giardia. Virusi vya noro ni vidogo kuliko hapo mara kadhaa, vinapita. Vichujio vya nyuzi zenye uwazi ndani vina udhaifu mwingine: vikiganda vikiwa na maji ndani, nyuzi zinapasuka na huoni kitu kwa nje, kesho yake maji yanapita haraka, mtu anafurahi. Kichujio kilale ndani ya begi la kulalia la mwenye kazi hiyo, si kwenye ndoo. Utaratibu tunaoupitisha ni kuchuja kwanza, kisha kuchemsha au kutia klorini. Kidonge cha miligramu 67 ni kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu na kusubiri nusu saa. Maji ya baridi kali yasubiriwe muda mrefu zaidi, angalau mara mbili. Fuata pakiti ya kidonge ulichonunua kwa sababu ukubwa hutofautiana.

Choo cha kubeba. Wageni wanakilipia ziada na wana haki ya kujua wanalipia nini. Ni masanduku mawili yaliyobanwa pamoja: la juu lina kiti na maji ya kusukumia, la chini linapokea uchafu uliotiwa kemikali, na kati yao kuna vali bapa ya kuvuta. Kikikaa sawa kwenye ardhi tambarare, ni kizuri kuliko vyoo vya shimo vya kambi, hasa usiku na hasa kwa mtu anayehara. Lakini kuna kitu ambacho anayekibeba, yule wagumu wanayemtania kwa jina la injinia wa choo, lazima afundishwe. Sanduku la chini likifungwa getini kwenye mita 1,800 na kufunguliwa kambini karibu na mita 3,000, hewa iliyo ndani ina shinikizo kubwa kuliko ya nje. Ukivuta vali ghafla ukiwa umeinamia kiti, utapigwa usoni. Shusha kwanza kifuniko cha kiti, fungua vali kidogo kidogo hewa itoke, ifunge, ndipo uanze matumizi. Vilevile kabla ya kumwaga. Kibebwe kikiwa kitupu daima. Kilichojaa nusu kinavuja kwenye mpira wa vali mara kikilazwa, na mpira huo usipopakwa mafuta yake hukauka na vumbi la Shira na kupasuka.

Sehemu chafu kuliko zote ya choo hicho siyo kiti. Ni zipu ya hema. Kila anayetoka anaishika kabla ya kunawa, kila anayeingia anaishika baada ya kula. Funga kwenye kishikizo cha zipu utepe wa nailoni wenye urefu wa kiganja, unaoweza kupanguswa kwa klorini na kutupwa siku ya mwisho. Chuma chenyewe kikipakwa klorini kila saa kitaliwa na kutu. Kituo cha kunawia kiwe hatua tatu kutoka mlangoni, kwenye njia ya kurudi kwenye mahema, mahali ambapo kukikwepa ni aibu. Na injinia wa choo asiguse jiko, asibebe mkate, asisaidie kumenya viazi hata jioni mpishi akizidiwa. Tukiulizwa kosa moja linalotosha kuifelisha kambi, ni hilo.

Kemikali ya choo na jiki visikutane ndani ya sanduku. Klorini ikichanganyika na asidi au na dawa zenye amonia hutoa gesi inayochoma mapafu, na hema la choo ni dogo.

Tukija kwenye jiki, chupa ya asilimia 3.5 inachanganywa hivi. Kwa meza, vishikio na makopo: vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji, hiyo inakupa asilimia 0.1. Kwa mahali palipotapikwa au kuharishwa: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji, asilimia 0.5. Kama lebo inasema asilimia nyingine, hesabu inabadilika. Changanya upya kila asubuhi. Jua na joto huila klorini, na mchanganyiko wa juzi unanuka tu, haufanyi kazi. Chupa ya lita 1 inatosha safari nzima ikiwa hakuna mgonjwa. Beba mbili.

Mtu akitapika ndani ya mesi, na mara nyingi itakuwa mesi kwa kuwa harufu ya chakula ndiyo inayomsukuma, kila mtu atoke. Matapishi ya virusi vya noro yanarusha matone madogo yasiyoonekana, yanatua mbali na pale unapoona uchafu. Chakula kilichokuwa wazi mezani kitupwe, hata kama ni chapati zilizoiva sasa hivi. Mtu mmoja tu, mwenye glavu na barakoa, afunike uchafu kwa taulo za karatasi, azimwagie mchanganyiko mkali, asubiri, akusanye kutoka ukingoni kuelekea katikati, aviweke kwenye mfuko mzito na kuufunga. Kisha apake tena klorini palepale na kuacha dakika 10. Kosa la kawaida ni kumwaga klorini juu ya uchafu mwingi na kufuta papo hapo: klorini inaishia kwenye chakula kilichotapikwa, virusi vinabaki. Kosa jingine ni kufagia. Mfuko unaandikwa, unabebwa peke yake, na unashuka na taka nyingine hadi zinapopimwa getini. Aliyefanya kazi hiyo hapakui chakula cha usiku.

Tatizo gumu la mlimani ni kwamba kutapika kuna mama wawili. Ugonjwa wa mwinuko nao huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Hauleti kuhara wala homa. Mwongozaji aulize hayo mawili kwanza, kisha aulize nani mwingine ana tumbo. Asipopata jibu la uhakika, afanye yote mawili: mgonjwa asipande juu zaidi akiwa na dalili, na matapishi yasafishwe kama ya virusi. Maji yanayopotea tumboni humdhoofisha mtu haraka, na mwenye kutumia vidonge vya acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, anapoteza mengine kwa mkojo. Pakiti ya ORS, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji salama, anywe funda moja moja kila dakika chache, si kikombe kwa mpigo. Ikikosekana pakiti, lita 1, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anayeshindwa kubakiza hata funda, anayeharisha damu, mwenye homa kali, anayeyumba akitembea au kuongea ovyo, anashushwa siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku.

Kundi lililobaki tumeliweka nyuma makusudi, kwa sababu ndivyo vipeperushi vya kampuni vinavyofanya: wafanyakazi. Wageni 8 wana choo chao, wafanyakazi 30 wanatumia choo cha shimo na mara nyingi hawajapewa sabuni. Kambini kwingine baadhi yao hulala ndani ya hema la mesi, juu ya sakafu ileile ya chakula. Na mgumu mwenye tumbo hasemi. Akisema atashushwa, akishushwa siku zinakatwa, na bahshishi ya mwisho haimfikii. Meli zinakijua kisa hicho: huko anayegusa chakula anatengwa mpaka apitishe saa 48 bila dalili. Kwenye safari ya siku 7, mpishi aliyeugua jioni ya siku ya 2 na kupata nafuu siku ya 3 hashiki kisu kabla ya siku ya 5. Kwa hiyo kundi linahitaji mtu wa pili anayeweza kupika kweli, si wa kumenya tu, na linahitaji ahadi ya maandishi kwamba anayejitaja mgonjwa analipwa siku zake zote. Ukiwa ofisini Moshi, kabla hujauliza choo kina rangi gani, uliza hili. Meneja mwenye utaratibu atakujibu kwa sentensi moja. Asiye nao atakuonyesha picha ya choo.

Sabuni ya wafanyakazi, vipande 10 na dumu la pili la kibuyu chirizi karibu na hema la jiko, ni gharama ndogo kuliko choo cha kukodi, na kwa hesabu yetu inazuia zaidi.

Kisha kuna ghala. Meli zimewahi kuugua safari kwa safari, abiria wapya wakipokea ugonjwa wa waliotangulia, kwa sababu virusi vya noro hudumu siku nyingi kwenye zulia, godoro na vishikio. Begi la kulalia la kukodi, godoro la sponji, viti vya mesi na hema la choo hushuka Mweka, vinapakiwa garini vikiwa na unyevu, na kundi jingine huenda linaondoka baada ya siku mbili. Kilichotumiwa na mgonjwa kitengwe kwa alama ya kamba nyekundu tangu mlimani. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, vikauke kabisa juani pande zote mbili. Plastiki na vyuma vipakwe asilimia 0.1 na kusuuzwa. Masanduku ya choo yaoshwe, yaachwe wazi, vali ipakwe mafuta. Ukifika kukagua vifaa siku moja kabla ya kupanda, vuta zipu ya hema la choo na unuse kitambaa. Kikiwa kibichi bado, omba kingine.